Siagi Ilifika Kwanza

Watu wengi hudhani rangi ya nyumba ni uji tu. Unachovya brashi, unapaka, unangoja ikauke, unaenda zako. Nikimsikia mtu akisema hivyo hupandwa na hasira, na nikipandwa na hasira hutoa mhadhara. Mhadhara mmoja wa namna hiyo, nilioutoa katika sebule ya watu huku mkono mmoja ukiwa mfukoni kama profesa, nusura unikoseshe mke.

Nilizaliwa kwenye laini za shamba la chai huko Kericho, zile nyumba za wafanyakazi zinazofanana hata mlevi anaingia kwa jirani akalala usingizi mzuri. Mama alikuja kuchuma chai kutoka upande wa ziwa, akasema ni kwa msimu mmoja, na mpaka leo yupo. Somo langu la kwanza la kemia lilikuwa kikombe chake cha enameli, ambacho ndani kilikuwa cheusi tititi. Siku moja nilikisugua kwa mchanga nusu saa nzima nikidhani namfanyia hisani, akanizaba kofi. Alisema kikombe kilichokolea ndicho kinachojua chai. Miaka mingi baadaye, chuoni, mwalimu alitueleza kwamba ndani ya chai mna molekuli zinazong'ang'ania chochote zinachogusa: vikombe, meno, hata kuta za kiwanda. Nilitaka kuinua mkono niseme kwamba kofi la jambo hilo nilishalipata.

Nilipomaliza diploma nilipata kazi Nairobi, katika maabara ya kiwanda cha rangi. Kazi yenyewe ilikuwa kuchukua kibao kilichopakwa rangi, kukichanja kwa wembe mistari ya kukatana, kubandika selotepu juu yake na kuing'oa kwa ghafla. Rangi ikibaki kwenye kibao, tunashukuru Mungu. Ikitoka na selotepu, tunalaumiana hadi saa ya chakula. Nilifanya hivyo kwa miaka minne na ninaweza kusema bila aibu kwamba sijawahi kupenda kazi kama nilivyoipenda hiyo.

Huko ndiko nilikojua ukweli wa rangi. Ndani yake kuna kitu kinaitwa polima, molekuli ndefu ajabu, mnyororo wa vipande vidogo vilivyoshikana mikono. Mnyororo huo ukifika ukutani haujilazi wote chini. Sehemu fulani hulala na kushika ukuta, sehemu nyingine hupinda na kusimama kama kitanzi, na ncha zake hubaki zikielea. Kila kipande kinachoshika kinashika kwa nguvu ndogo ya kuchekesha. Lakini vipande ni mamia. Ukikibandua kimoja, wenzake bado wameshika, na kabla hujafikia cha pili, cha kwanza kimesharudi mahali pake. Ndiyo maana rangi nzuri haitoki ukiivuta. Sharti lake ni moja tu: polima iukute ukuta uko wazi. Kama kuna kitu kingine kilichotangulia kukaa pale, vumbi, masizi au mafuta, basi polima itakishika kitu hicho badala ya ukuta, na kitu hicho kikianguka kitaanguka nayo.

Kiwanda kilipopunguza watu nilirudi Kericho na kuwa fundi wa rangi mwenye diploma, jambo lililowachekesha sana mafundi wenzangu. Wao waliongeza maji kwenye rangi hadi ikawa kama maziwa ya hotelini, na mimi niliwafuata nyuma nikieleza kwa nini hiyo ni dhambi. Sikuwa na marafiki wengi.

Mke wangu, wakati huo bado hajawa mke, nilimpata kwenye kituo cha kupozea maziwa karibu na Merigi, nilikoitwa kupaka kuta. Yeye ndiye aliyekuwa akipokea maziwa ya wakulima asubuhi. Alikuwa anayanusa, anayapima uzito kwa kile kijiti cha kioo kinachoelea, na akimkamata mtu ameongeza maji anamrudishia mtungi wake mbele ya foleni yote bila kupepesa macho. Nilipomaliza kazi alizunguka chumba mara moja akaniambia, "Umeruka kona ya nyuma ya mlango." Nilikuwa nimeiruka kweli. Nilirudi kuipaka na sikutaka kuondoka.

Kwao walikuwa wachache. Baba yake alikuwa mkulima wa chai na ng'ombe wachache wa maziwa, mtu mpole anayesema neno moja pale wengine wanaposema kumi. Mama yake alifariki yeye akiwa mdogo, na aliyemlea ni mama wa baba yake, ambaye kila mtu alimwita kogo, yaani nyanya kwa Kipsigis. Kisha alikuwepo mjomba, kaka wa marehemu mama, mfanyabiashara wa ng'ombe huko Siongiroi. Mjomba alinitazama siku ya kwanza kama anayekadiria umri wa fahali kwa meno. Nilifunga mdomo, ikawa ni kama nimeficha ugonjwa.

Tulipangiwa siku ya koito, siku ambayo familia mbili hukaa kukubaliana kuhusu ndoa. Ilikuwa Jumamosi, wiki tatu mbele. Bila neno la mjomba hapangekuwa na makubaliano, na mjomba hakuficha lililokuwa moyoni.

"Huyu ni mtu ya laini," alimwambia baba mkwe nikiwa nimekaa pale pale. "Hana boma, hana shamba, hata kaburi ya babu yake iko mbali. Ati ni fundi. Sawa. Hii nyumba yako haina rangi. Apake. Nikikuja Jumamosi hiyo ukuta itaniambia kama huyu ni mtu."

Mchumba wangu alinisindikiza hadi barabarani na kunipa maana yake, nisije nikajidanganya. "Anatafuta sababu," alisema. "Usimpatie."

Nyumba ilikuwa ya mawe, imepigwa plasta vizuri, na ilikuwa imekaa miaka na kuta zake za kijivu kwa sababu baba mkwe alikuwa daima anasubiri kitu fulani kwanza. Nilifurahi kupita kiasi. Ukuta mtupu wa plasta iliyokauka ndio mtihani rahisi kuliko yote duniani. Ni kama kumwambia samaki aonyeshe anajua kuogelea. Siku ya kwanza niliingia na msasa, brashi na rola, nikafuta vumbi lote, na baba mkwe aliponiuliza kwa upole kama rangi itakaa, nikasimama katikati ya sebule na kutoa mhadhara.

Nilieleza minyororo. Nilieleza vitanzi na ncha. Kogo alikuwa mlangoni kwenye kigoda chake, anachambua mboga za managu, na alikuwa anajua Kiswahili cha kutosha kwa sababu alikuwa ameuza mboga kwenye laini zetu miaka na miaka. Nilipoona anasikiliza nilizidiwa na utamu wa sauti yangu mwenyewe.

"Rangi na ukuta ni kama bibi na bwana, kogo," nikasema. "Wakishikana wameshikana. Ukitaka kujua kama ndoa yetu itakaa, wewe angalia hii ukuta."

Kogo aliacha kuchambua. "Hii ukuta?"

"Hii hii."

"Ikibanduka?"

"Haiwezi kubanduka."

Aliutazama ukuta kwa muda mrefu, kisha akarudi kwa managu yake. Mimi nilidhani nimemfurahisha.

Nilipaka andakoti, ile rangi ya chini, siku iliyofuata, na siku mbili baadaye rangi yenyewe, kijani kibichi hafifu alichokichagua baba mkwe. Niliona kitu ambacho hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angekiona: kwenye ukuta mkubwa, ule unaotazamana na mlango, rangi ilikuwa inajikusanya mahali fulani fulani, inakimbia na kuacha vishimo vidogo. Nilipita juu yake mara ya pili na ya tatu hadi ikanyamaza. Nilijiambia ni baridi. Mtu mwenye diploma akitaka kujidanganya hujidanganya kwa maneno makubwa, na mimi nilijiambia ni mambo ya unyevu na halijoto.

Baada ya siku nne mchumba wangu alinipigia simu. Hakusema hujambo. "Njoo uone ukuta yako."

Ulikuwa umetoka viraka. Rangi ilikuwa imevimba na kuning'inia, na nilipokivuta kiraka kimoja kilikuja chote, laini kama ngozi ya maziwa yaliyochemshwa, pamoja na andakoti. Viraka vilikuwa karibu ishirini, kila kimoja kama ukubwa wa kiganja, vyote kwenye ukuta ule mmoja na vyote chini ya kifua changu. Nilikuwa na ushahidi wote mbele ya macho. Nikatoka mbio kwenda kugombana na mwenye duka la hadiwea nilikonunua rangi.

Nilimwita mwizi mbele ya wateja wake. Nilisema ameniuzia rangi bandia. Yeye, kwa utulivu ulioniudhi zaidi, alichukua kibao, akakipaka rangi kutoka kwenye mkebe ule ule niliobeba, akaniambia nirudi kesho kutwa na selotepu yangu. Nilirudi. Nilichanja, nikabandika, nikang'oa. Haikutoka hata punje. Alinikaribisha soda.

Basi haikuwa rangi. Nilikwangua viraka vyote, nikapiga msasa, nikapaka upya tangu mwanzo. Baada ya siku tatu vilirudi, vile vile pamoja na ndugu zao wapya. Zilikuwa zimebaki siku sita. Baba mkwe aliutazama ukuta, akanitazama mimi, akaenda kuangalia ng'ombe. Jirani aliyekuja kuomba chumvi alisimama mlangoni muda mrefu kuliko chumvi inavyohitaji, na nilijua kabla ya jua kuzama habari itakuwa imefika Siongiroi.

Jioni hiyo, wakati wa chai, nilisema jambo ambalo bado linaniumiza moyo nikilikumbuka. Tulikuwa wanne: baba mkwe, mchumba wangu, kogo na mimi. Nilikuwa nimechoka na nilikuwa naogopa. Nilikuwa naogopa sana, na badala ya kusema naogopa nikasema, "Kuna mtu ndani ya hii nyumba hataki hii ndoa. Anaharibu ukuta. Anamwaga kitu."

Baba mkwe aliweka kikombe chini. Kogo alijifunga shuka vizuri mabegani, akauliza kwa Kiswahili chake cha mboga, "Kuna adui?"

"Kuna adui, kogo."

Akatikisa kichwa kwa uchungu mkubwa. Nami, Mungu anisamehe, nilimwangalia yule bibi kizee na kujiambia: ni wewe. Viraka vyote viko urefu wako.

Nilikwangua na kupaka tena, na siku mbili baadaye viraka viliongezeka maradufu, na vingine vilikuwa juu zaidi, kana kwamba adui amepanda kigoda.

Jumatano mchumba wangu alitoka kazini mapema akanikuta nimekaa sakafuni nimeegemea ndoo. Hakunipa pole. Aliokota gamba la rangi, akaligeuza upande wa nyuma, akalinusa kama anavyonusa mitungi ya watu wasioaminika.

"Hii ni siagi," akasema.

"Siagi itatoka wapi ukutani?"

"Mimi sijui ukuta. Mimi najua maziwa. Hii ni siagi, na imekaa siku mbili ama tatu."

Nilichukua bakuli la maji nikanyunyizia ukuta, jambo ambalo ningelifanya siku ya kwanza kama ningekuwa na akili. Penye plasta tupu maji yalienea na kunywewa. Kwenye viraka yalisimama matone matone, yakateremka bila kugusa kitu, kama juu ya jani la nduma. Tulitazamana. Yeye alikuwa ameshaelewa na alikuwa anajaribu kutocheka. Mimi nilikuwa bado natafuta adui.

Nilimwomba baba mkwe nilale kwa jirani yake, na Alhamisi, mwanga ulipokuwa ndio unaingia na ng'ombe wanakamuliwa, nilisimama nje ya dirisha la sebule. Kogo aliingia peke yake. Alikuwa na kibakuli. Alichovya kiganja, akakiweka ukutani taratibu, akakishikilia hapo huku akisema maneno kwa Kipsigis. Akahama hatua moja, akachovya tena, akaweka tena. Kipsigis changu wakati huo kilikuwa cha salamu na matusi, lakini neno moja nililijua kwa sababu watoto wa pale walikuwa wananifukuza nalo barabarani: sandana, mkwe. Alilisema kila alipoweka kiganja. Alikuwa analisema kama mtu anayeomba mvua. Alipomaliza sehemu ya chini alivuta kigoda, akapanda juu yake kwa shida, akishikilia fremu ya dirisha upande wa ndani, vidole vyake vikiwa karibu kabisa na pua yangu, akaendelea.

Nilikaa chini kwenye nyasi. Nilikuwa nimemwambia ukuta ndio ndoa yetu, na yeye akaamini. Akawa anaupaka siagi kila asubuhi, kama wanavyopakwa watu wanaobarikiwa katika boma lile, ili ndoa ishike. Nilipomwambia kuna adui akaongeza siagi. Bibi mwenye miaka ile alikuwa anapanda kigoda alfajiri kwa ajili yangu, na mimi kila siku nilikuwa nafika na msasa na kuziondoa baraka zangu mwenyewe nikipiga mluzi. Nililia kidogo, na sioni haya kusema.

Baba mkwe alinikuta pale. Ikaonekana alikuwa anajua tangu wiki iliyopita.

"Mbona hukuniambia, mzee?"

"Huyo ni mama yangu," akasema, kana kwamba hilo lilitosha. Kisha, kwa kuwa niliendelea kumtazama, akaongeza maneno mengi kuliko nilivyowahi kumsikia akisema kwa mara moja. "Ukiosha hiyo mafuta na sabuni, umeosha baraka ya bibi arusi siku mbili kabla ya koito. Hiyo siwezi kuruhusu. Usipoosha, mjomba atakuja aone hiyo takataka. Mimi sijui utafanya nini. Lakini kumwambia mama aache, mimi siwezi. Wewe ndio ulimwambia mambo ya ukuta."

Hapo hakuna polima itakayokusaidia. Niliingia jikoni. Kogo alikuwa mbele ya moto, na mimi nikakaa chini kabisa, sakafuni, ambako nilistahili.

"Kogo, nimekuona asubuhi."

"Nimejua. Ulikuwa unapumua kama ndama."

"Mimi nilisema kuna adui. Nilifikiria ni wewe."

Aliendelea kusukuma kuni. "Nilijua unafikiria hivyo. Macho yako haina adabu." Akapuliza moto. "Lakini mjukuu wangu anakutaka. Sasa ningefanya nini? Nikaongeza."

Niliomba msamaha kwa Kiswahili, kwa lugha ya mama yangu, na kwa Kipsigis nilichokuwa nacho, ambacho pengine kilikuwa tusi. Kisha nikamweleza tena habari za rangi, safari hii bila mkono mfukoni. Nilimwambia ukuta ni kama benchi la kanisani: aliyefika kwanza amekaa. Siagi imefika kwanza. Rangi inakuja inakuta hakuna nafasi, inakaa juu ya mapaja ya siagi, na siagi haiwezi kubeba mtu.

Alifikiri. "Kwa hivyo baraka yangu imekalia kiti ya rangi."

"Ndiyo, kogo."

"Na rangi yako haiwezi kusimama hata kidogo?"

"Haiwezi."

"Rangi gani hiyo," akasema kwa dharau ya kweli, nami kwa mara ya kwanza maishani sikuwa na mhadhara wa kuitetea.

Nilimwambia sitaosha kitu bila ruhusa yake, hata kama mjomba atanifukuza na ndoo zangu. Nilimaanisha. Aliniangalia, akainuka, akachota majivu jikoni, akayatia kwenye maji ya moto akaanza kuyakoroga.

"Mimi nimeweka, mimi nitatoa," akasema. "Unafikiria mafuta kwa chungu hutolewa na nini? Na diploma?"

Ningeweza kumweleza kwamba majivu hugeuza mafuta kuwa sabuni, na kwamba kiwandani tulikuwa na dawa ya kazi hiyo hiyo yenye jina refu. Nilinyamaza, nikashika ndoo. Alisugua ukuta mzima kwa mikono yake na hakuniruhusu niguse isipokuwa sehemu za juu, na hata hizo alinisimamia. Kila alipofuta kiganja kimoja alinong'ona kitu, kama anayemwomba mgeni asogee kidogo. Kisha nilisuuza kwa maji safi mara tatu, nikafungua madirisha yote, na upepo wa vilima vile ukafanya kazi yake. Maji niliyonyunyizia jioni yalienea kila mahali.

Ikabaki shida moja, nayo ni yeye aliyeisema. Siagi ilikuwa imebaki nusu kibakuli, nayo ilikuwa imeshaombewa.

"Hii haimwagwi," akasema. "Nitaweka wapi, mahali hakuna rangi itakuja?"

Kabla sijafikiri jibu alishanikamata kichwa. Alinipaka kuanzia utosini hadi kwenye nyusi, bila haraka, akisema maneno yale yale niliyoyasikia dirishani, na siagi ya joto ikanitiririka masikioni. Mchumba wangu alikuwa mlangoni na safari hii hakucheka. Kogo alipomaliza alijipangusa mikono kwenye shuka. "Usioshe mpaka Jumamosi iishe," akasema.

Ijumaa nilipaka ukuta nikiwa na kichwa kama maandazi. Vumbi la msasa lilinishika usoni, nzi walinitembelea kwa familia, na nilinuka kiasi kwamba ng'ombe mmoja alinifuata. Rangi haikujikusanya wala kukimbia. Ililala.

Jumamosi walikuja. Mama yangu alivaa gauni la kanisa na kuleta wazee wawili wa kanisa la laini, nao walikaa kwenye ncha za viti kama watu walio tayari kufukuzwa. Mjomba aliingia akiwa na koti kubwa na fimbo. Hakusalimia kwanza. Alienda moja kwa moja kwenye ukuta mkubwa, akaweka ukucha wa kidole gumba na kukwangua kwa nguvu. Akatazama ukucha wake. Akahamia pengine, akakwangua tena. Ukuta haukumpa kitu.

"Sawa," akasema, akaketi. "Ukuta imeshika. Lakini ukuta si boma. Hii kazi ni nzuri, tunamshukuru, lakini mimi siwezi kupeana mtoto ya dada yangu kwa mtu hana mahali. Wazee wa kanisa mnisamehe. Huyu hana watu hapa."

Mama aliinamisha kichwa. Nilimwona, na nikajua nimepoteza. Wiki tatu za kukwangua zilikuwa kazi bure, maana ukuta haukuwa na neno hata moja la kusema juu ya jambo lenyewe. Mchumba wangu alikuwa amesimama mlangoni akiwa na birika.

Mjomba alinitazama tena, akakunja uso. "Na hiyo ni nini inang'aa kwa kichwa yake? Hii mambo haijakubaliwa. Ni nani alipaka huyu mtu mafuta?"

Kogo hakuinuka kwenye kigoda chake.

"Ni mimi," akasema. "Nilimpaka Alhamisi, kwa moto yangu. Umesema hana watu. Haya. Mwenye anataka kumpangusa aje ampanguse, nikiona."

Mjomba alimtazama bibi yule aliyemlea mtoto wa dada yake. Alitazama kiganja chake mwenyewe, akakirudisha ndani ya koti. Wengine waliangalia sakafu. Hakuna aliyeinuka.

Mjomba akaiweka fimbo chini, akauliza kama chai iko tayari.